Mwaka wa kwanza Tanga: mwongozo kwa mwinjilisti aliyetoka bara

Mwinjilisti anayetoka Njombe, Bukoba au Mbulu kuja Tanga huwa amejiandaa kwa mahubiri. Anashuka stendi ya Kange na begi la vitabu, mistari aliyoikariri na hamu ya kuanza kazi kesho yake. Wanaorudi kwao kabla ya mwaka kwisha, wengi wao hurudishwa na mambo ambayo chuo hakikuyagusa: choo cha pamoja, joto la Februari, homa ya wiki ya sita, upweke wa mwezi wa tatu, na kupita mbele ya baraza la wazee bila kuwaamkia. Hayo ndiyo tunayoyaeleza hapa. Tumemfikiria mtu atakayepanga chumba mjini, Ngamiani, Makorora au Mikanjuni, lakini mengi yanafaa Muheza, Pangani na Bagamoyo pia.

Tunaanza na imani yetu wenyewe juu ya kazi hii, ili msomaji ajue tunakotoka. Mwaka wa kwanza pwani ni mwaka wa kuwa jirani. Anayetaka kuvuna kabla hajajulikana na watu wa ua wake hupoteza mwaka, na hupoteza pia mwaka wa atakayemfuata. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda mpaka Vuga mwaka 1848 kumwona Mfalme Kimweri wa Wasambaa na kuomba ruhusa kwanza. Edward Steere, naye mmisionari, alipofika Unguja mwaka 1864 alikaa na watu akikusanya maneno na hadithi kutoka vinywani mwao, na Kiswahili chake kikawa kizuri kwa sababu hiyo. Wewe unakijua Kiswahili tayari, ila unakijua cha bara. Utaona tofauti siku ya kwanza.

Kabla ya kupanda basi

Beba barua mbili za utambulisho kutoka kwa wanaokutuma: moja ya kanisa linalokupokea, nyingine ya serikali ya mtaa. Namba ya NIDA uwe nayo mkononi. Ndani ya wiki ya kwanza nenda na mzee wa kanisa kwa mwenyekiti wa mtaa, mkabidhi barua, mweleze utakaa wapi na kwa muda gani. Usingoje uitwe. Mgeni aliyejitambulisha ana mtu wa kumsemea siku maneno yakianza, na maneno huanza. Asiye raia wa Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wamisionari na watu wa kujitolea. Kanisa linalompokea ndilo linalomwombea kibali hicho, na viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi hata ya kuhubiri bila malipo.

Kisha fedha. Watu wa Mungu huona haya kuziongea, na haya hiyo imewatesa wengi. Kabla ya kuondoka pata maandishi yenye majibu ya maswali haya: posho ni kiasi gani na inaingia tarehe ngapi, nani analipa kodi ya chumba, nani analipa matibabu ukilazwa, na nauli ya kwenda msibani kwenu inatoka mfuko gani. La nne ndilo husahauliwa. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka, kwa hiyo posho ya mwezi haitoshi kukuingiza chumbani. Fedha ya kodi itangulie.

Chumba na ua

Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani ina baraza mbele, ukumbi katikati kama njia, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma wenye jiko, choo, bafu na mara nyingi kisima au bomba. Utakuwa na chumba kimoja au viwili, lakini maisha yako yatakuwa uani. Kabla ya kulipa, kaa uani saa nzima mchana. Angalia dirisha la chumba linapokea upepo wa upande gani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali, kwa hiyo chumba kisichopata hewa miezi hiyo hakilaliki. Uliza umeme: mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima au kila chumba kina yake? Ikiwa ni moja, uliza mnachangaje, na mwenye friji anatoa zaidi kiasi gani. Uliza zamu za kufagia ua na kuosha choo, na zamu yako uitimize hata kama wewe ni mwanamume na wengine wanatuma watoto.

Sema mapema, kabla ya kutoa fedha, kwamba wewe ni mtu wa kanisa. Mwenye nyumba akikataa, amekuokoa na ugomvi. Akikubali, mwahidi mambo matatu kwa mdomo wako: hutapika nyama ya nguruwe katika nyumba ile, hutaleta pombe, na hutafuga mbwa. La mbwa huwashangaza watu wa bara. Kwa jirani Mwislamu, mate ya mbwa hunajisi chombo na nguo, na chombo hicho kinapaswa kuoshwa mara saba. Mbwa mmoja anayelamba sufuria uani anaharibu kazi ya nyumba nzima.

Chooni tumia kopo la maji na ulijaze kabla ya kutoka. Viatu vivue mlangoni pa chumba cha mtu. Mkono wa kushoto usitoe wala kupokea kitu. Mwanamume asikae uani kifua wazi wala na bukta, na mama awe na kanga mbili karibu wakati wote, moja ya kujitanda mgeni akibisha.

Ibada ya nyumbani iwe ya sauti ya chumba. Maombi ya kukesha yenye kupaza sauti yapeleke kanisani. Tunalisisitiza hili kwa uchungu, maana ndilo linalowafukuzisha watu vyumbani mara nyingi kuliko fundisho lolote. Ukuta wa chumba chako mara nyingi haufiki kwenye paa, na mtoto wa jirani analala upande wa pili.

Saa za siku

Mji huu una saa zake, na adhana ndiyo inayozitangaza. Adhana ya alfajiri hulia saa 11 na dakika kadhaa, adhuhuri saa 6 na nusu hivi, alasiri kati ya saa 9 na nusu na saa 10, magharibi jua likizama, kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kufuatana na mwezi, na isha kabla kidogo ya saa 2 usiku. Panga ziara zako ndani ya nafasi hizo. Anayebisha hodi saa ya magharibi amekosa mara mbili, kwani watu wanakwenda kuswali na mama anawaingiza watoto ndani. Ijumaa usiende nyumba ya mtu mpaka saa 8 mchana. Saa nzuri kuliko zote ni baada ya alasiri, jua limepoa, wazee wako barazani na kahawa inapita.

Adhana ya alfajiri ifanye kengele yako. Utaamshwa hata hivyo. Amka, nawa uso, keti. Mpango wa sala unaodumu pwani ni mfupi na haubadiliki. Waanglikana, ambao wamisionari wao walijenga misheni ya Magila karne ya 19, wana utaratibu wa zamani wa kuzisoma zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni: siku ya kwanza Zaburi 1 hadi 5 asubuhi na 6 hadi 8 jioni, na kuendelea hivyo. Unafaa mtu wa kanisa lolote. Baada ya zaburi soma sura moja ya Injili, kaa kimya dakika 10, kisha waombee watu wa ua wako kwa majina, mlango kwa mlango, kama nyumba ilivyopangwa. Yote ni dakika 40, na saa 12 unakuwa umemaliza, kabla ya joto na kabla ya foleni ya bafuni.

Mpango huu huvunjika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuahirisha: «nitasali mchana nikirudi». Mchana wa Tanga, nguo zikiwa zimelowa jasho, hausaliki. Utasinzia juu ya Biblia. Ya pili ni ujanja wa kuhesabu maandalizi ya mahubiri kuwa ndiyo sala. Ukiona wiki mbili zimepita na umefungua Biblia kwa ajili ya kuwafundisha wengine tu, simamisha kitu kimoja katika ratiba yako, ziara mojawapo au kikao, urudishe zile dakika 40.

Jumapili kwako ni siku ya kazi, kwa hiyo Jumatatu iwe ya kupumzika, na watu wa usharika waambiwe hivyo mapema. Fua, lala, nenda Raskazone ukatazame bahari.

Kuamkia na kubisha hodi

Sehemu hii tunaikawilia, kwa kuwa mgeni hupimwa hapa.

Kila mtu aliyekuzidi umri, mjue usimjue, ni «Shikamoo». Kwa mtu mzima usianze na «Mambo?» wala «Vipi?», hata kama kwenu imekuwa kawaida. Akijibu «Marahaba», kazi haijaisha. Watu wa pwani huulizana hali kwa zamu: afya, watu wa nyumbani, kazi, kutwa ilivyokuwa. Pitia angalau manne kabla ya kutaja shida yako. Mtu wa bara huona huko ni kupoteza muda. Kwa mwenye baraza, anayeingia moja kwa moja kwenye haja yake amemfanya yeye kuwa duka.

Mzee mtu mzima ni «mzee» au «babu», mama mtu mzima ni «bibi» au «Bi» pamoja na jina lake, anayefundisha Kurani ni «maalim», na shekhe ni shekhe. Wewe mwenyewe utaitwa «mwalimu» au «mchungaji». Usimsahihishe anayekosea cheo chako. Dukani acha «nataka» na «nipe»: sema «naomba» au «niuzie». Asubuhi utasikia «Sabalkheri», jioni «Masalkheri», na wakati wa kuagana usiku «Alamsiki», ambayo huitikiwa «Binuru». Yote haya yatumie bila hofu, ni Kiswahili. Salamu ya «Asalaam aleikum» ukisalimiwa itikia kwa heshima, lakini tunashauri usiwe wewe wa kuianza. Mwenye nyumba anaweza kudhani umejificha ndani ya dini yake, na siku akijua kazi yako ataona alidanganywa.

Hodi ina utaratibu wake. Simama pembeni ya mlango, usielekeze uso ndani. Bisha, ngoja, bisha tena, ngoja, bisha mara ya tatu. Kimya baada ya tatu maana yake ondoka, hata kama unasikia redio. Ukiitikiwa, jitaje wazi:

«Hodi wenyewe!»

«Karibu. Nani mwenzetu?»

«Ni mwalimu wa kanisani, jirani yenu wa barabara ya tisa. Mzee yupo?»

Mzee hayupo? Basi toa salamu, sema utarudi, ondoka. Mwanamume asiingie nyumba ambayo mwanamke yuko peke yake, na akikaribishwa akae barazani pakiwa na watu wanaopita. Mwinjilisti wa kike ana mlango mpana zaidi, anafika mpaka jikoni. Ikiwa mmetumwa mume na mke, ziara za ndani zimfuate mke na za baraza zimfuate mume.

Kula na kulisha

Ukipewa maji au chai, kunywa hata kama ni kidogo. Ukialikwa kwenye sinia, nawa, kula kwa mkono wa kulia, na kula mbele yako tu. Usivuke kwenda kwenye mnofu ulio upande wa mwenzako, atakusogezea mwenyewe. Sahani ya jirani iliyokuja na vitumbua hairudi tupu. Rudisha hata na maembe mawili au machungwa ya Muheza.

Wewe ukialika, nunua kuku hai na umwombe jirani Mwislamu amchinje. Mwambie mapema, asubuhi, na mpe kisu kilichonolewa. Wageni watauliza nani kachinja, na jina la mtu wanayemfahamu litawafanya wale kwa amani. Sufuria isiwe ile iliyowahi kupikiwa nguruwe, hata kama imeoshwa. Nunua nyingine.

Jifunze wali wa nazi vizuri, kwa kuwa ndio utakaokukalisha na majirani uani. Kwa kilo 1 ya mchele chukua nazi 2 kubwa zilizokomaa, zile zinazogonga maji ndani ukizitikisa. Zivunje, uketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ukune kwa mzunguko kutoka ukingoni kuelekea katikati, na uache ukifika kwenye ganda, maana unga wa ganda hulitia tui rangi ya kahawia. Mimina glasi moja na nusu ya maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua kwenye kichujio. Hilo ni tui zito, liweke kando. Machicha yarudie maji mara mbili zaidi upate lita 1 na nusu hivi ya tui jepesi. Tui jepesi na vijiko vidogo 2 vya chumvi viende jikoni, vikichemka tia mchele uliooshwa. Maji yakikaribia kukauka na matundu yakaonekana juu ya wali, mimina tui zito, geuza mara moja kwa taratibu, funika, punguza moto chini, na palia makaa juu ya mfuniko dakika 15 hadi 20. Ukiwahisha tui zito au ukaliacha likichemka bila kukorogwa, hukatika na mafuta yakajitenga, wali ukawa na mafuta juu na mbichi katikati. Ukikosea, mama wa chumba cha pili atakuambia. Mwache akuambie. Kijana aliyetumwa bila mke, akiketi na mbuzi yake uani pamoja na wamama wakipiga soga, anajifunza Kiswahili cha Kitanga kuliko darasani.

Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barazani au njiani mchana. Pika chakula chako cha mchana kwa siri ya chumba, bila kukaanga kitunguu ua mzima ukanukia. Ziara zako zihamie saa za baada ya isha. Siku za mwanzo peleka mchango wa futari kwa mwenye nyumba: kilo ya sukari, nazi tatu, pakiti ya tende. Ngoma ya daku itakuamsha usiku, vumilia. Siku ya Idd vaa nguo nzuri uwapitie, na Krismasi waletee pilau kwa sahani, chumba kwa chumba.

Msiba

Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ileile. Ukisikia msiba saa 3 asubuhi, usiseme utakwenda jioni, maana jioni kaburi limeshafukiwa. Acha ulichokuwa unafanya, vaa suruali ndefu au kanzu, nenda. Wanaume hukaa nje kwenye mikeka na wanawake ndani, jitenge ipasavyo. Sema «Poleni kwa msiba», toa mchango wako kwa anayeandika kwenye daftari, keti. Maneno mengi hayahitajiki. Jeneza likitoka, fuata, na ukipewa zamu ya kulibeba libebe hatua chache umpokeze mwingine. Wakati wa swala ya maiti simama nyuma, nje ya safu, kimya. Siku mbili zinazofuata rudi ukae japo nusu saa.

Familia nyingi za Tanga zina dini zote mbili ndani yake, Wabondei na Wasambaa hasa. Akifa Mkristo mwenye ndugu Waislamu, kaa na wazee wa pande zote kabla ya kutangaza ratiba, mkubaliane nani anachinja, nani anapika, ndugu watasimama wapi wakati wa ibada, na nani atasema kwa niaba ya ukoo. Hayo yakikosewa, ndugu hukumbuka zaidi ya mahubiri yote.

Anayekuja kuuliza

Atakuja mtu, mara nyingi usiku, akitaka kusikia habari za Yesu. Mpokee kwa furaha na umwendee taratibu. Ana umri gani? Akiwa chini ya miaka 18, hakuna fundisho la ubatizo bila wazazi kujua. Yuko kwenye ndoa? Anategemea nyumba ya nani? Mwambie ukweli juu ya gharama ya uamuzi wake, mpe muda mrefu wa mafundisho pamoja na wazee wa kanisa, usimtoroshe kwao, na usimpe fedha, kazi wala nguo inayoweza kuonekana kama bei. Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda yeye katika kuchagua na inakulinda wewe katika kufundisha. Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu kutusi dini ya mtu kuwa jinai. Mihadhara ya kushindana vitabu viwanjani iepuke kabisa. Hatujaona jirani aliyependwa kwa kushindwa mbele ya watu. Mkutano wa hadhara, hata wa nyimbo tu, upelekewe polisi taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla.

Daftari la ziara liwe na tarehe, mtaa na hitaji la kuombewa. Siri ya mtu usiiandike. Daftari hupotea.

Mwili

Nenda Bagamoyo siku moja, kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, pale ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya kubebwa na Chuma, Susi na wenzao. Pita kwenye makaburi ya wamisionari usome umri wao. Wengi walikuwa vijana, na homa ndiyo iliyowazika.

Aliyekulia nyanda za juu hana kinga ya malaria ambayo mtu mzima wa Muheza anayo, kwa hiyo homa inayomlaza mwenyeji siku mbili inaweza kukuua. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na pindo lake lichomeke chini ya godoro. Homa yoyote pima ndani ya saa 24, usinunue dawa kwa kubahatisha. Ikiwa ni malaria isiyo kali, mtu mwenye kilo 35 na zaidi hupewa dawa mseto (ALu) vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, kisha vinne kila baada ya saa 12 mpaka siku ya tatu iishe. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au uji wa karanga, kwa sababu bila mafuta dawa hiyo haiingii mwilini vya kutosha. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ile. Homa hushuka siku ya pili na hapo ndipo watu huacha. Wadudu waliobaki hurudi baada ya wiki chache. Kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, degedege au mkojo mweusi ni safari ya hospitali ya Bombo saa hiyohiyo. Mjamzito aanzie kwa mkunga au daktari.

Maji ya kunywa yachemshe. Tumbo likiharisha, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa msawazo, unywe kidogo kidogo kutwa nzima.

Vitu vinavyooza na vinavyoshika kutu

Hewa ya bahari inakula chuma, na unyevu wa masika, Machi hadi Mei, huotesha ukungu kwenye vitabu na majoho. Vitabu visimamishe vikiwa na nafasi kati yao, mbali na ukuta wa nje, na kila Jumatatu vifungue kivulini upepo upite. Joho lisifungiwe sandukuni likiwa na jasho la ibada: lining'inize mpaka likauke. Mikate ya meza ya Bwana hulainika. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri, na ndani uweke kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaushwa kwenye kikaango. Badilisha mchele huo kila wiki mbili.

Tanga ni mji wa baiskeli, nawe nunua ya kwako. Kila wiki ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ifute, kisha tia mnyororo tone moja la mafuta mepesi kwa kila pini, zungusha pedeli, na ufute mafuta yote yaliyobaki nje. Mnyororo unaong'aa mafuta hukusanya mchanga, na mchanga ule ndio unaosaga meno. Nyumba nne kwa jioni zinatosha. Ya tano unaingia umechoka na mwenyeji anaona.

Mwezi wa tatu

Upweke huja ugeni ukishaisha. Dalili zake ni kulala mchana sana, kukasirishwa na watoto wa uani, kuongea na watu wa kwenu kwenye simu kila usiku na kutoongea na mtu wa hapa. Weka siku moja ya wiki ya kuwapigia simu nyumbani, na siku nyingine ya kumpigia mlezi wako wa kiroho, mtu asiyekulipa posho, umwambie mambo yalivyo. Jiunge na kwaya hata kama huna sauti. Usiende likizo kabla ya mwezi wa sita isipokuwa kwa msiba, kwani anayeondoka mwezi wa tatu hupata shida kurudi.

Wakati wa kuondoka ukifika, likizo au uhamisho, anza kuaga siku kumi kabla. Mwenyekiti wa mtaa kwanza, kisha wazee wa baraza, kisha wagonjwa uliowatembelea, mwisho watu wa ua. Kila mmoja mwambie siku utakayoondoka na umwombe radhi kwa ulilomkosea. Mwachie anayekufuata daftari, baiskeli na mbuzi ya nazi, na kabla hujapanda basi mtembeze yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, umtaje jina lake mlangoni.